Mapipa Matatu

Barua ya kampuni ya maji imeingia na bili,
karatasi nzito, tone la buluu pembeni.
Inanisihi mimi, Loveday Tregear,
wa Njia ya Kapela, Porthvean, nyumba ya tisa,
nikunje mpira wangu wa maji hadi Septemba
na nioge kwa dakika nne.

Dakika nne! Nimewatangulia zamani.
Maji ya kuoshea viazi hunywa mawaridi.
Maji niliyoogea yakipoa
nayateremsha ngazini kwa ndoo,
goti la kushoto likinung'unika kila kidato,
na liki zinayapokea bila kuuliza sabuni.
Alfajiri, jua halijakaza macho,
kopo moja kwa kila mche, shinani, si majanini,
kisha natandaza sufu chakavu ya kondoo
udongo ujifunike,
usilipe ushuru kwa upepo.
Nyuma ya banda nina mapipa mawili.
Nimefunga soksi ya marehemu Hedley mdomoni mwa mlizamu
izuie kuvu la paa.
Angecheka. Au angeidai soksi yake.

Jumamosi Jory, mjukuu wangu, alirudi kutoka ufukweni
ubao wa mawimbi kwapani, uso kama chokaa.
Usiku kucha alitapika.
Sikio likavimba, likatoa usaha.
Daktari akauliza: alimeza maji?
Alimeza bahari, nikamjibu,
ila bahari haikuwa peke yake.

Petherick, mfugaji wa chaza, akanipeleka chini ya daraja
kunionyesha kifuniko cha chuma chenye kutu.
Karatasi za msalani zimening'inia miibani
kama mapambo ya harusi ya mashetani,
na mto, mto niliofulia nepi za mama yake Jory,
una rangi ya chai iliyolala.
"Mvua ikizidi, wanafungua," akasema. "Wana kibali."
"Na mvua ikikatika?"
"Hapo husahau kufunga."
Mwaka huu hajauza hata chaza mmoja.

Wiki ya pili ya Agosti, saa nane usiku, ikanyesha.
Nilitoka na gauni la kulalia na buti za Hedley,
nikasikia mapipa yakigugumia, yakinywa,
nikacheka peke yangu gizani kama mwehu.
Kisha kicheko kikanikwama kooni:
mvua hii niliyoiomba magotini
ndiyo ufunguo wa kile kifuniko.
Kila tone linaloshukuriwa hapa na maharagwe
pale chini linasukuma mlango.

Nikazunguka mbele ya nyumba.
Mlizamu wa mbele hauna pipa,
unazama ardhini moja kwa moja. Kwenda wapi?
Miaka arubaini na mmoja sijawahi kuuliza.
Unakwenda kulekule, jamani.
Maji yaliyotoka mawinguni hayajaguswa na mtu
yanateremka paani kwangu, yanakutana gizani na vya chooni,
yanapanda gari moja,
na gari likijaa, abiria wote wanamwagwa mtoni.

Asubuhi tukaukata ule mlizamu kwa msumeno,
mimi nimeshika, Jory anakata, pamba sikioni,
tukausimamisha juu ya pipa la tatu
ambalo Petherick alilileta kwa toroli, bado linanuka siki.

Nikawaandikia kampuni nyuma ya barua yao wenyewe:
*Nimewazuilia lita mia mbili. Ninyi mmezuia ngapi?*

Hawajajibu. Bili imejibu, imepanda.

Petherick naye ameniomba soksi.
Sikio la Jory limepona, lakini haendi ufukweni
wala hasemi kwa nini, na mimi simsukumi.
Ubao wake umeegemea banda tangu siku ile, mkavu.
Maharagwe yameanza kuupanda.